Jaribu kwa Mguu Kwanza

Spéciose hakumwogopea mtoto anayeanguka. Alimwogopea yule ambaye hajawahi kuanguka, kwa sababu huyo, alisema, siku akianguka ataanguka vibaya. Wenzake waliolinda watoto katika viwanja vingine vya kambi ya Kakuma walimcheka, wakamwita Mama Anguka, naye akaliitikia jina hilo bila kununa. Kambini mtu huitwa majina mabaya kuliko hilo.

Alikuwa Mrundi wa Rumonge, mama wa miaka arobaini na saba, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kuvuka nyua mbili. Baba yake alikuwa mkwezi wa michikichi. Kila asubuhi alijifunga kamba kiunoni akapanda kukata mikungu, na binti akabaki chini akiokota chikichi zilizodondoka. Alipofikisha miaka minane Spéciose alitaka kupanda na yeye. Mama akapiga yowe, baba akasema mpeni mti mfupi. Somo alilopewa lilikuwa moja tu: kabla ya kuupa mti mwili wako, upe mguu. Ukanyage, uusikilize, na mti ukiukubali mguu, utakukubali na wewe. Mzee huyo hakuwahi kuanguka hata siku moja. Alikufa kwa risasi akiwa chini, kasimama mbele ya mlango wake mwenyewe, na tangu hapo Spéciose alikuwa mgumu kuamini mtu akimwambia kwamba mahali fulani ni salama.

Uwanja aliopewa kuulinda ulikuwa kipande cha ardhi kavu chenye ua wa seng'enge na lango la mabati, kati ya mtaa wa Wadinka na mtaa wa Warundi na Wakongo. Shirika la misaada lililomwajiri liliweka bembea mbili na mnara wa matairi. Gogo lililetwa na mafuriko. Mvua zilinyesha huko juu milimani, laga ya Tarach, mto ambao karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu, ikajaa usiku mmoja, na maji yalipokauka yakaacha mgunga mzima umelala, mrefu kuliko lori, na matawi manne yameelekea mbinguni. Akina baba waliukokota kwa kamba hadi uwanjani kabla haujageuzwa makaa. Wiki hiyo hiyo bembea zilikosa wateja.

Spéciose aliwaacha wapande. Alisimama chini, mikono ameifunga nyuma, kwa sababu mikono ikiwa mbele, alisema, itamdaka mtoto kabla hajajua anafanya nini. Aliwafundisha kuruka kwa magoti yaliyokunjwa. Na kila mtoto mpya, awe Mdinka, Mkongo, Msomali au Mturkana aliyechungulia kutoka nje ya ua, alisemeshwa yale yale: "Jaribu kwa mguu kwanza." Baada ya mwezi watoto waliyasema wao kwa wao, kwa sauti yake, wakimwigiza hata mabega.

Aliyemwigiza vizuri kuliko wote alikuwa Yar, msichana wa miaka tisa, mwembamba, mdomo haukai. Siku ya kwanza Yar alichubuka goti na mama yake, Awut, mwuza chai, akaja mbio na kijiko bado kiko mkononi.

"Wewe unalinda watoto au unaangalia?" Awut aliuliza.

"Vyote viwili, mama Yar. Muangalie, hata halii."

"Akivunjika je?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," Spéciose akamjibu, na akasema vizuri hasa, kwa lafudhi ya redioni, maana aliipenda methali hiyo. Awut aliitaka maana yake, akaelezwa. Alimtazama binti yake aliyekuwa amekwisha rudi juu, anakanyaga tawi kwa kisigino, anasikiliza. "Haya," Awut alisema. "Nimekuachia." Tangu siku hiyo, saa nne, kikombe cha chai ya Spéciose kilifika langoni, na aliyekileta alikuwa Yar.

Ilikwenda hivyo hadi mwezi wa kumi na moja. Siku moja mvulana mmoja, Athian, mtoto wa jirani wa Awut, aliruka kutoka tawi la pili huku akimgeukia rafiki yake kumcheka. Alisahau magoti, akatanguliza mkono. Mfupa wa kiganja ulivunjika mahali pabaya, ukataka chuma, na Athian akapelekwa Lodwar. Spéciose alifuatana naye. Alikaa siku tatu kwenye benchi la wodi akimpepea, na jioni ya kwanza aliomba kalamu akaandika tukio lote katika daftari la ajali, bila kujipendelea: tawi la pili, urefu wa mtu mzima, mlinzi alikuwepo, mlinzi aliona. Wengine wangeandika kwamba mtoto ameteleza nyumbani. Nami nitasema ukweli, kama angeandika uongo siku ile, huenda tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini mwanamke huyu hakulelewa kuandika uongo.

Daftari lilisomwa na Jebet, afisa wa usalama wa watoto wa lile shirika, aliyekuwa na ofisi Lodwar. Msimwone Jebet kuwa mtu mbaya. Miaka michache nyuma, katika kazi nyingine, mbali na Turkana, alimkuta mtoto amenaswa shingo kwenye kamba ya bembea, akachelewa kwa dakika chache tu. Tangu hapo hakuweza kuona kamba inaning'inia bila kuisogelea. Alifika Kakuma na gari jeupe, akazunguka gogo mara mbili, akapima matawi kwa futi, akapiga picha.

"Tahadhari kabla ya hatari, Mama Spéciose," alisema. "Hili gogo litoke. Hayo matairi pia. Halafu tunafunga mpaka mazulia ya mpira yafike kutoka Nairobi. Wiki mbili, tatu hivi."

"Na watoto, madam?"

"Si wakae nyumbani kidogo."

"Nyumba ile ya mabati? Jua inachoma mule ndani, mtu hakai. Hawa wataenda laga, madam. Minakwambia, wataenda laga."

Jebet alifunga kalamu yake. "Laga sio yetu, mama. Kitu ikitokea huko, hakuna mtu atatuuliza."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayekupa habari njema. Hapo ndipo Spéciose alipotakiwa kubisha, apayuke, agome, aite wazazi. Hakubisha. Posho ile ya kila mwezi ndiyo iliyomlisha yeye, binti yake Sylviane na mjukuu wa miezi mitano, na mgao wa chakula ulikuwa umekatwa tena. Alipewa kufuli jipya na ufunguo wake, akautia kwenye uzi akauvaa shingoni. Gogo lilikatwa kwa msumeno siku ya Ijumaa, na hadi Jumapili lilikuwa limekwisha kuwa kuni.

Wiki tatu zikapita, mazulia hayakuja. Ikapita Krismasi. Kila asubuhi Spéciose alikuja kazini, maana kazi haikufungwa, uwanja tu ndio uliofungwa. Alikaa chini ya turubai akilinda mchanga. Mara mbili aliwafungulia watoto kwa siri, saa moja tu, wakakimbia duara mahali ambapo hapakuwa na kitu, wakacheka hivyo hivyo. Mara ya pili kuna mtu alipiga picha, na picha ikafika Lodwar kabla ya jua kutua. Jebet akapiga simu.

"Mara ya tatu ni barua, mama. Sitaweza kukutetea."

Basi watoto wakaenda laga. Spéciose aliwaona wakipita langoni asubuhi na makopo ya kuchotea mchanga, na alijua wanachimba mapango ya kivuli kwenye kingo, pale wajenzi walipokuwa wakichukua mchanga na kuacha ukuta umesimama wima. Alimwona pia Abei, mwanamke wa Kiturkana aliyechimba visima ndani ya laga na kuuza maji, akipita na punda wake na madumu. Walisalimiana kila siku. "Ejok, mama." "Ejok nooi." Miaka tisa ya salamu, na hakuna siku mmoja wao aliyeongeza neno la pili.

Ikafika siku ya mwezi wa pili ambayo Jebet alikuwa analeta wageni, saa kumi alasiri, kuwaonyesha mahali mazulia yatakapowekwa. Spéciose alifagia uwanja. Saa saba, jua la kupasua mawe, lango likagongwa. Alikuwa Yar na wenzake wanne, na Athian nyuma yao, mkono wake mwembamba umetolewa plasta lakini bado hauna nguvu.

"Mama Anguka," Yar akaita kupitia tundu la bati, "fungua tu kidogo. Laga iko moto, mchanga inachoma."

"Leo hapana."

"Hatuchezi. Tunakaa tu kwa kivuli. Wallahi, tunakaa tu."

Yar alikuwa Mkristo, hiyo wallahi aliiokota sokoni, na siku nyingine Spéciose angemtania. Siku hiyo aliangalia saa. Akiwaingiza hawatoki, na wageni watakuta viatu vya watoto mchangani. Hata wakibaki nje tu, wameng'ang'ania seng'enge, Jebet ataona. Alikuwa amechoka, na alikuwa na hofu, na hofu yake ikatoka na sauti ya hasira.

"Tokeni hapo langoni! Nendeni mkacheze huko!"

Yar aliendelea kushika bati kwa muda kidogo. Kisha akawaambia wenzake, twende, wakaenda. Spéciose aliwaangalia wakielekea laga, akajiambia kesho atamnunulia yule mtoto mandazi.

Ilipita saa tisa kidogo watu walipoanza kukimbia. Kwanza wanawake wawili, halafu mwenye pikipiki aliyeacha pikipiki yake imelala njiani. Spéciose hakuuliza. Alikimbia na yeye, mwili wake mpana, kandambili moja ikabaki njiani, ufunguo ukimpiga kifuani.

Kwenye ukingo wa laga ukuta wa mchanga ulikuwa umeshuka. Wanawake wa visimani walikuwa wanachimba kwa makarai na kwa mikono, na aliyekuwa mbele yao alikuwa Abei, amepiga magoti, anatupa mchanga nyuma kati ya miguu yake. Spéciose alijitupa kando yake akachimba. Kila walichotoa, nusu yake ilirudi. Walipoufikia mguu walivuta, na wakaendelea kuvuta, na walipomtoa Yar kinywa chake kilikuwa kimejaa. Abei alikisafisha kwa kidole, akamlaza ubavu, akampiga mgongoni, akampiga tena. Kisha akaacha, akafungua shuka lake begani akamfunika.

Awut alifika na aproni ya chai. Kilio chake sitakielezea. Waliokuwepo hawakielezi hadi leo.

Jebet na wageni walifika saa kumi kamili. Walikuta uwanja umefagiliwa, lango limefungwa kwa kufuli, na hapana hata mtoto mmoja.

Walimzika Yar kesho yake. Spéciose alisimama mbali, nyuma ya wanaume. Watu walipoanza kutawanyika Athian alimwendea, akasimama karibu naye akiushika mkono wake mbovu. Mkono huo ndio uliomwokoa: wenzake walimwambia hawezi kuchimba, akae nje abebe mchanga, na ukuta uliposhuka yeye na wale wengine walikuwa wanamwaga makopo yao. Ndani alikuwa Yar peke yake.

"Tulijaribu, Mama," Athian alisema. "Kabla ya kuingia. Yar alipanda juu akakanyaga kwa mguu, kama ile ya gogo. Akaruka hata. Ilikuwa ngumu kabisa. Akasema imekubali."

Spéciose akamshika bega.

"Nimwambie mama Yar kwamba tulikuja kwako kwanza?" mtoto akauliza. "Ama nisiseme?"

Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi. Mvulana wa miaka minane alikuwa amesimama mbele ya kaburi akimwuliza amtunzie siri au asimtunzie.

Asubuhi iliyofuata hakwenda uwanjani. Alishuka laga, akamkuta Abei kisimani, akamsalimu, ejok, na kwa mara ya kwanza akaongeza neno la pili. Alimwuliza kwa nini. Kwa nini mchanga uliombeba mtoto juu yake akiruka haukuvumilia akiwa chini yake?

Abei aliendelea kuteka mpaka dumu likajaa. "Mchanga ya asubuhi iko na maji," alisema. "Inashikana. Jua ikikuwa juu, maji inatoka, inaachana kidogo kidogo. Huko juu inabaki ngumu, punda inapita, watu inapita. Lakini kwa tumbo imekufa. Sisi hapana ingia chini ya mchanga kama saa sita imepita. Hata mtoto yangu ya kuchunga mbuzi anajua hiyo."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza." Abei hakusema kwa ukali. "Wewe iko mwalimu ya watoto, iko na ofisi, iko na gari inakuja. Mimi nilisema hawa wanajua. Wewe kila siku ejok, ejok, unaenda."

Kuuliza si ujinga, hilo tunaambiwa tangu tukiwa wadogo, na Spéciose mwenyewe alikuwa amewaambia watoto mara nyingi. Lakini alikuja Turkana na elimu ya michikichi, akaiona inatosha dunia nzima. Mti ukioza hulia mtu akiukanyaga. Mchanga haulii, na yeye alikuwa amewafundisha watoto hamsini kwamba kila kitu husema ukweli kwa mguu.

Alipopanda kutoka laga gari jeupe lilikuwa langoni. Jebet alikuwa amelia, macho yamevimba, akamnyooshea karatasi.

"Ni ya kukulinda wewe, mama. Soma kwanza."

Ilikuwa mistari michache. Ilisema kwamba wakati wa tukio uwanja ulikuwa umefungwa kulingana na maagizo, kwamba ufunguo ulikuwa na mlinzi, na kwamba hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuingia. Spéciose alisoma mara mbili akitafuta uongo, hakuupata. Kila neno lilikuwa la kweli. Aliweka sahihi.

"Na familia," Jebet akasema akiikunja karatasi, "usiongee nao mambo ya lango. Tafadhali. Haitawasaidia, na wewe itakuharibia. Mazulia yamefika Lodwar jana, mama. Wiki ijayo tunafungua, nakuahidi."

Spéciose alimwamini. Alijua pia kwamba akinyamaza atakuwepo siku ya kufungua, na posho itaingia, na mjukuu atapata maziwa. Alirudi kwake, akala alichopewa na Sylviane bila kujua ni nini. Kisha akamfikiria Athian, mkono wake kaushika, amebeba neno ambalo si lake. Ile methali yake aipendayo ilimjia, akaifukuza. Hakuitamka tena mbele ya mtu.

Alasiri alivaa kitenge safi akaenda mtaa wa Wadinka. Awut alikuwa ameketi juu ya mkeka nje ya nyumba, amenyoa nywele, wanawake wengine wamemzunguka. Birika la chai lilikuwa limefunikwa kifudifudi ukutani. Spéciose hakupewa kiti, naye hakukitaka. Alipiga magoti mchangani.

"Mama Yar, iko neno ile mtoto Athian anaogopa kukwambia. Iko yangu mimi, haiko yake. Ile siku walikuja kwangu kwanza."

Awut aliinua uso.

"Kwako wapi?"

"Kwa lango. Saa saba. Yar aliniomba nifungue. Alisema wanakaa tu kwa kivuli, hawachezi."

"Ukamwambia nini?"

Alikuwa amekuja kwa ajili ya hilo, na akilimeza sasa atalimeza maisha yake yote.

"Nilimwambia, nendeni mkacheze huko."

Alingojea apigwe. Mwanamke mmoja alisema kitu kwa Kidinka, kwa ukali, na Awut akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa anamtazama Spéciose kifuani, pale uzi ulipokuwa.

"Ndio huo?"

Spéciose aliuvua ufunguo akampa. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, wa kawaida, kama ule wa sanduku la nguo. Awut aliuweka katika kiganja, akaugeuza upande huu na upande ule, akaupima uzito kwa kupandisha na kushusha mkono.

"Hii tu?" akauliza.

"Hiyo tu," Spéciose alisema.